Nahodha wa Gatini Anaogopa Upepo Mzuri

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako haraka, maana kila kukicha mke wangu ananiuliza hali ya hewa ikoje, na kila kukicha namdanganya, na sasa uwongo unakaribia kuniishia.

Mimi ni fundi wa lifti mstaafu, nimefanya kazi ndani ya mashimo ya maghorofa tangu ujana wangu, humo hakuna dirisha wala upepo, kuna grisi na kamba za chuma na mtu wa ghorofa ya juu anayegonga mlango akiuliza itachukua muda gani, na miaka yote hiyo nilijiliwaza kwa picha moja niliyoibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la vifaa, picha ya mashua ya matanga katikati ya bahari, hakuna mtu, hakuna mlango wa kugonga. Nikajiambia nikistaafu nitaishi humo. Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea, alidhani ni maneno ya mtu aliyechoka, akawa ananiitikia kama alivyokuwa akiwaitikia watoto wanaotaka kuwa simba wakikua, lakini mimi nikambembeleza mwaka baada ya mwaka, nikimtandazia ramani mezani kabla hajaondoa sahani, nikimwonyesha video za wazee wenzetu wanaoishi baharini wakicheka na vikombe mkononi, mpaka siku moja akachoka kukataa. Tukauza nyumba. Siku ya kukabidhi funguo aliingia jikoni peke yake akafunga mlango, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, akanipa sharti moja tu.

"Fundi," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "nyumbani ukinificha kitu naweza kwenda chumba kingine nikanuna. Huko tunakokwenda hakuna chumba kingine. Kwa hiyo usinifiche kitu."

Nikamwapia.

Usidhani nakuja kulalamika tu Mshauri, maisha ya mashuani yana raha zake, hakuna jirani wa juu anayeburuta viti, asubuhi unaoga jua kabla ya maji, na ukichoka na mandhari unang'oa nanga unakwenda kutafuta mengine. Ila yana mambo yake pia. Kitanda chetu kina pembe tatu, miguu yetu inakutana kwenye ncha, na anayelala ndani akitaka kutoka lazima ampande mwenzake kama ngazi. Choo kina pampu ya mkono, na ukisahau kufunga valvu yake bahari inaingia kukusalimia. Nguo zinakauka lakini hazikauki kabisa. Kitu chochote unachokitaka kiko chini ya kitu kingine, na hicho kingine kiko chini ya godoro, na juu ya godoro kuna mtu amelala.

Mke wangu mambo hayo aliyamaliza mara moja. Kila kabati alilibandikia mchoro, hapa tochi, hapa vijiko, hapa dawa ya mbu, kama darasani kwake, na mimi sasa nikirudisha tochi mahali pake nasifiwa. Halafu ana utaratibu wake mmoja ambao hajawahi kuuruka: tukiwa tunaondoka kesho, leo jioni anachukua soksi zangu kuukuu anavivisha vikombe na chupa, kila kimoja soksi yake, ili mashua ikilala upande visigongane vikavunjika. Mimi nikiona vikombe vimevaa soksi, tumbo linaanza kabla nanga haijaguswa.

Na hapo ndipo penye shida yangu. Bahari hainipendi. Ile picha ya kwenye sanduku haikuwa inatikisika, na mimi sikulifikiria hilo. Nimepanda na kushuka na lifti maisha yangu yote sikuwahi hata kusikia kichefuchefu, lakini lifti ikifika ghorofani inasimama, bahari haina ghorofa. Safari ya kwanza tu, pwani bado inaonekana, nilihisi kila nilichowahi kula kinaomba ruhusa ya kutoka. Nikamwambia mke wangu nakwenda nyuma kukagua usukani. Nikaukagua sana. Tukasafiri hivyo kutoka bandari hadi bandari, mimi nyuma na usukani wangu, mpaka siku moja akaniuliza kama usukani una tatizo, nikamjibu kwamba hauaminiki. Nilijaribu vidonge, vikanilaza usingizi nimelikumbatia gurudumu la usukani huku mashua ikizunguka yenyewe, akaja akanitoa taratibu akashika yeye.

Tangu siku hiyo hajaliachia. Mshauri, yule mwanamke aliyelilia jiko lake ungemwona sasa, anasimama pale anaimba kwa pua, anageuza shavu kidogo na kujua upepo unataka nini, anaongeza tanga, anapunguza tanga, anasema upepo hauna tofauti na darasa la watoto, kazi ni kumtazama aliye karibu kuanza fujo. Tumeoana miaka mingi na sijawahi kumwona na furaha ya namna hii. Mimi nampenda akiwa vile. Nampenda huku nimeinamia maji.

Sasa tuko katika bandari ndogo ambako mashua husubiri upepo wa kuvukia bahari kuu, na kuvuka kwenyewe ni wiki nzima baada ya wiki nyingine bila kuona hata jiwe. Kwa mpango wetu tangu mwanzo, matanga na chakula ni vyake, injini na utabiri wa hali ya hewa ni vyangu, yeye haangalii utabiri kama mimi nisivyogusa kabati la unga. Kila asubuhi nafungua simu nasoma. Upepo ni mzuri. Umekuwa mzuri muda wote huu, unatoka unakotakiwa unakwenda tunakokwenda, mzuri mpaka naona haya. Halafu mke wangu anatoa kichwa dirishani anauliza, "Vipi leo, Fundi?" nami namwambia bado, tungoje, pengine kesho, huku shuka zetu kwenye kamba zimenyooka zote zikionyesha njia ya kwenda. Wenzetu wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakipiga honi, mke wangu akiwapungia, akaniuliza mbona wale wanakwenda, nikamwambia wale ni watu wasiojali maisha yao. Walikuwa babu na bibi na paka wao.

Gati sasa limebaki tupu na msimu unaishia. Tumebaki sisi na mama mmoja, daktari wa meno mstaafu, aliyekuja na mashua ya watu wengine akagombana nao, akashuka na begi lake, naye anatafuta chombo cha kuvukia. Mke wangu ameshanitajia habari zake mara kadhaa, eti baharia hodari vile kukaa bure inasikitisha. Ana huruma sana mke wangu. Hata mimi ananitunza, tangu tufike hapa ananitilia tangawizi nyingi kwenye chai, anasema inafaa kwa umri wetu. Jambo jema pekee katika kipindi hiki ni kwamba soksi zangu nimezipata tena, nilizikuta kabatini zimefuliwa na kukunjwa mbili mbili, na vikombe viko uchi.

Kumwambia siwezi. Naogopa kumwambia turudi nchi kavu kwa sababu najua atakubali, atashuka bila neno, na nitakuwa nimemtoa jikoni kwake nikamtoa na baharini. Na kuna jingine ambalo hata kuliandika mkono unakataa. Naogopa akijua ninavyoteseka ataona anaweza kwenda bila mimi, na aliyeota ndoto hii ni mimi. Nishauri, nijikaze nivuke hivyo hivyo, au niendelee kumwambia upepo mbaya mpaka msimu ufungwe, au nilegeze kitu kwenye injini ili lawama zipate mwenyewe?

Ni mimi,
Nahodha wa Gatini

*

Ndugu Nahodha,

Pole kwa tumbo. Hiyo pole itunze, kwa sababu nyingine sina.

Injini usiiguse. Mtu aliyekaa miaka yote akihakikisha watu hawaanguki na lifti leo anauliza kama alegeze kitu kwenye chombo anachokaa mkewe. Nitajifanya sikuusoma mstari huo, na wewe jifanye hukuuandika.

Sasa tuzungumze. Umemficha matapishi mwalimu wa chekechea. Katika watu wote duniani ambao ungeweza kuwaficha, umemchagua mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumtazama mtoto usoni anaposema haumwi, kisha kuwahi kuvuta mkeka. Ukamwambia unakagua usukani. Ndugu yangu, kila ulipokwenda huko nyuma, aliyebaki ameushika huo usukani ni yeye. Kama una kasoro, nani angekuwa wa kwanza kujua?

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nina wasiwasi wewe hukuisoma hata mara moja. Umeniambia kwa mkono wako kwamba mkeo huvivisha vikombe soksi jioni ya kuamkia safari, na kwamba utaratibu huo hajawahi kuuruka. Umeniambia pia kwamba kila asubuhi unamwambia pengine kesho. Basi kila jioni vikombe vingetakiwa viwe vimevaa. Lakini soksi zimefuliwa, zimekunjwa, zimerudi kabatini, na wewe umefurahi kupata soksi. Hakuna anayefua soksi za safari anayoitegemea. Mkeo hana kesho yako hata moja aliyoiamini. Na tangawizi haitibu umri, ingekuwa inatibu mimi ningejua. Tangawizi ni ya kichefuchefu.

Anajua, Nahodha. Nadhani anajua tangu siku alipokutoa kwenye gurudumu umelala. Humo ndani hakuna uwongo tena, kuna siri moja inayotunzwa na watu wawili, na mmoja wao anaitunza vizuri kuliko mwingine.

Utaniuliza mbona hasemi. Kwa sababu alikupa sharti, ukaapa, na anangoja uone aibu mwenyewe. Amekufungulia mlango mara ngapi? Unadhani habari za daktari wa meno zinarudiwa kwa ajili ya huruma? Yule mama ni baharia, hana chombo, na mkeo ana chombo na hana baharia. Alikuwekea jibu mezani, kama wewe ulivyokuwa ukimwekea ramani, na wewe ukasifu moyo wake mwema. Ninachokiogopa ni kwamba ataendelea kukungoja mpaka upepo uishe, na bahari aliyoipenda ataikosa kwa sababu ya adabu zake na woga wako. Hilo ndilo litakalokuumiza kuliko kutapika.

Hiyo hofu yako ya mwisho naielewa, na sitakucheka kwayo. Unaogopa ataona anaweza kwenda bila wewe. Anaweza. Wewe ndiye uliyeniandikia jinsi anavyoweza, tena uliandika vizuri kuliko sehemu nyingine zote za barua. Lakini kuweza kwenda bila mtu na kutaka kufika mahali ambapo mtu huyo hayupo ni mambo mawili, na hilo la pili hujamuuliza.

Haya, fanya hivi. Kesho asubuhi akitoa kichwa na kuuliza vipi leo, usimjibu. Mpe simu asome mwenyewe. Akimaliza kusoma, mwambie umekuwa ukitapika tangu safari ya kwanza na umekuwa ukimdanganya tangu mfike hapo, na kwamba unaogopa. Yaseme hayo matatu tu. Usitoe hotuba, na neno usukani lisikutoke mdomoni. Atanuna, ana haki. Na kwa kuwa hakuna chumba kingine, wewe shuka, ukae gatini kwenye jua, umwachie mashua yote iwe chumba chake mpaka atakapokuita. Asipokuita mchana, kaa. Kwa miaka mingi ulizoea kuulizwa itachukua muda gani. Safari hii usiulize.

Akikuita, muulize kama anataka kuvuka. Akisema hapana, mtarudi nyote nchi kavu, mtafute nyumba yenye jiko, na jiko achague yeye. Lakini simwoni akisema hapana. Akisema ndiyo, nenda kamwite daktari wa meno, kisha ikague injini kwa uaminifu wa kazi yako ya zamani, kila boliti. Jioni hiyo toa soksi kabatini uvivishe vikombe mwenyewe, kwa mkono wako, mbele yake. Ndiyo namna ya kuomba msamaha ambayo mwalimu huyo ataielewa bila maelezo.

Wewe panda ndege uwatangulie ng'ambo. Omba kiti cha kando ya njia, na mfuko.

Na usikae huko ng'ambo ukijihesabu kuwa umeshindwa. Mashua haiwezi kujifunga yenyewe gatini. Anayeshika usukani hawezi kuruka, na anayetupa kamba lazima awe na wa kumtupia, mtu aliyesimama imara mahali pasipotikisika. Kazi ya kushika kamba wewe umeifanya maisha yako yote. Fika mapema, na usimame mahali atakapokuona.

Mshauri wako