Wa Kwanza Kuingia

Baba, shikamoo. Najua huitikii tena, ila nikianza bila shikamoo utaninunia huko huko uliko.

Nakuandikia kwa sababu ya mnyororo wa mlango. Hapa Whitehall naishi peke yangu, na siufungi kamwe, unaujua uvivu wangu. Tangu tukuzike, kila asubuhi naukuta umefungwa. Kwa ndani, Baba. Juzi niliuviringishia kitambaa nikakaza fundo. Asubuhi mnyororo umefungwa, na kitambaa kiko mezani, kimekunjwa pande nne, ulivyokuwa ukikunja leso zako. Naogopa.

Wewe ndiye uliyenitia wazimu wa hadithi za upelelezi za vyumba vilivyofungwa. Kila Jumamosi simu kutoka Louisville: maiti ndani, mlango umekomewa, muuaji hayupo. Ulinieleza hadithi hizo zilivyoanza. Waandishi wa mwanzo walikimbilia mlango wa siri ukutani, au mnyama aliyepanda dirishani, wasomaji wakanung'unika kwamba wamechezewa. Halafu wakaja wajanja, wakaacha ukuta uwe ukuta. Hila wakampa yule anayeingia mbele ya wote akilia, kumbe anafanya lake kabla wenzake hawajaona. "Mwanangu, mtazame wa kwanza kuingia!" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Haya, nitazame.

Siku ile, kule kwako Newburg, mtaani Louisville, fundi wa jengo alikata mnyororo wa mlango wako. Jirani yako Mama Furaha, yule Mkongomani, akamzuia. "Bon, muache mutoto aingie kwanza, afunike baba yake." Wakageuza nyuso kwa heshima. Nikakufumba macho. Nikaitoa simu mkononi mwako. Mara saba ulinipigia mchana wa jana yake, nami niko kazini ghalani, naliona jina lako linawaka, nasema aah, hadithi zake hizo, nitampigia nikitoka. Nilipopiga jioni hukupokea, ndipo alfajiri nikaja kwako. Nikazifuta simu zote saba kwenye orodha. Ndipo nikakufunika, nikapiga yowe, wakaingia.

Kwenye arubaini, mdogo wangu Saidi aliwaambia watu ulilala tu, hukuumia, hukumwita mtu. Ndiyo faraja yake, Baba, hana nyingine. Nikaitikia alhamdulillahi pamoja na wote.

Sanduku la vitabu vyako amekwenda nalo kwake Buffalo. Jana kanipigia, yuko katikati ya kimojawapo: "Dada, usiniambie mwisho. Lakini huyu wa kwanza kuingia, mimi simwamini hata kidogo." Nikamwambia nina chungu jikoni.

Nimechoka. Nakuahidi nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajafika ukurasa wa mwisho: Baba aliita, aliita mara saba, na aliyeitwa ni mimi. Akinifukuza, ni haki yake.

Pumzika, Baba. Nisamehe kama unaweza. Jumamosi asubuhi natoka kwenda Buffalo.

Mnyororo usiufunge tena. Niache nitoke.

Mwanao,
Zuhura