Mtoto Mgongoni, Chaki Mkononi

Mama,

Mjomba bado ana kinyongo na mimi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Siku tulipokuzika kule kijijini, nje kidogo ya Mafinga, alisimama kusoma wasifu wako, akasema, "Dada yetu aliteleza ujanani, lakini tushukuru, Mungu alimrehemu." Watu wakaitikia amina. Nikasimama.

"Aliteleza wapi, Mjomba? Hilo kosa unalolisema ni mimi hapa. Nitazame."

Mama mdogo alinivuta gauni nikae. Sikukaa, Mama.

Walikufukuza shule Iringa mimi nikiwa tumboni, na nyumbani wakakufungia mlango. Ukadandia lori la mbao hadi Mbeya. Hukuwahi kunisimulia kwa uchungu. Ulisema tu, huku unachagua viazi vibovu pale soko la Mwanjelwa, "Nilitoka Iringa na kanga na wewe, basi." Kwa viazi hivyo ukanisomesha ualimu. Na jina ukanipa Zawadi, ili kila anayeniita akiri kwamba mimi si kosa.

Matanga yalipoisha, Mjomba akaamua kwamba nirithi meza yako sokoni, kwa kuwa ajira ya ualimu sikuwa nayo. Wakati huohuo kanisani kwetu walitafuta mwalimu wa kujitolea, akafundishe Kiswahili kwenye shule moja ya Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Chumba na chakula vipo, mshahara hakuna. Mjomba alicheka. "Kujitolea ni kwa walioshiba. Wewe yatima unatoa nini?"

Nikafunga begi.

Huku ni ugenini, lakini si ugenini sana. Lugha ya watu wa huku inafanana mno na Kinyakyusa cha majirani zetu. Siku ya kwanza mpishi wa shule alinipa ugali na samaki, nikamwambia "ndaga", kama tunavyoshukuru Mbeya. Akapiga makofi, akawaita wenzake waje waone Mtanzania anayeshukuru kwa lugha yao. Nililia palepale jikoni. Tangu msiba kila mtu aliniambia nishukuru kwa yote. Hapana. Kwa kifo chako sikushukuru na sitashukuru, na Mungu analijua hilo, nimemwambia. Ila kwa ile sahani nilishukuru kwa moyo wangu wote.

Sasa nikwambie kuhusu Tiwonge.

Ni msichana wa darasa langu. Alizaa, akakaa nyumbani, kisha akarudi shule, maana sheria ya kwao inamruhusu. Bibi yake ndiye aliyekuwa analea mtoto. Bibi akaugua, akashindwa hata kuinuka kitandani. Asubuhi moja Tiwonge akaja na mtoto. Mwalimu mkuu, mtu mpole tu, akamzuia mlangoni pa darasa. "Wewe ingia. Mtoto haingii. Darasa si kliniki."

Tiwonge hakubisha. Aligeuka kuondoka. Mama, ule mgongo wake ukienda zake! Nilikuona wewe, msichana, ukiwa na sare. Nikamkimbilia.

"Nipe mtoto," nikamwambia. "Wewe kakae."

Nikamfunga mgongoni kwa kitenge changu, nikashika chaki. Mwalimu mkuu alikuwa bado pale. Akaniuliza, "Mwalimu, unafanya nini?"

"Nafundisha ngeli, Mwalimu."

Mtoto alinikojolea kabla sijamaliza mifano. Darasa zima lilicheka, na Tiwonge pia, akiwa amejiziba mdomo. Nikaendelea hivyo hivyo na mgongo mbichi.

Siku zilizofuata nilimbeba hivyohivyo, mpaka wazazi wakaitisha kikao. Baba mmoja alisema mgeni nimekuja kuwafundisha mabinti zao kwamba kuzaa shuleni ni jambo la kusifiwa. Nikawaeleza habari zako, kwa Kiswahili, na nilipoona hawanielewi nikamalizia kwa Kinyakyusa changu cha sokoni. Nikasema, "Mama yangu alikuwa na akili ya kuwa daktari. Alikufa anauza viazi. Siwaombi mumsifu Tiwonge. Nawaomba asiuze viazi kwa sababu yenu."

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Ndipo yule mpishi akanyanyuka, aproni yake kiunoni. "Stoo ya jikoni ina nafasi. Alete mtoto kwangu. Kuna anayebisha?" Aliwatazama mmoja mmoja. Mama mwingine akasema ana mkeka. Yule baba akatoka nje, na hadi leo hanisalimii. Na asinisalimie.

Usidhani mambo yamenyooka. Bibi bado yuko kitandani. Jaribio la kwanza Tiwonge alifeli vibaya, akaniletea karatasi akiwa amenuna, akasema, "Nipe lingine." Mama, sina matumaini makubwa kuliko maneno hayo mawili: nipe lingine.

Mjomba alipiga simu juzi. Nirudi mwezi huu, la sivyo meza anampa mtu mwingine. Nikamwambia ampe, na amsaidie kubeba magunia. Nakukumbuka hasa mchana, saa zile ulizokuwa unanisukumia kigoda na kuniambia, "Kaa, umesimama sana." Hakuna anayeniambia hivyo tena.

Nakuahidi sitaondoka huku kabla Tiwonge hajafanya mtihani wake wa mwisho. Na mahali popote nitakaposikia watu wakisema uliteleza, msibani, kanisani, hata harusini kwangu nikiolewa, nitasimama. Wanizoee.

Tiwonge wangu ndiye huyo anaingia getini na mtoto wake, wamechelewa, wanakimbia. Lala salama, Mama yangu. Mimi naenda kufundisha.

Wako,
Zawadi