Kidonda Kilichotibiwa Nyuma ya Ukuta

Chwele, Jumatano, Agosti 1987

Nimempiga mke wangu Nekesa teke la mdomo, na sitasema ni bahati mbaya. Alikuwa anakwangua kidonda changu cha mguu kwa gunzi la mahindi kama anayesugua sufuria.

Amri zilitoka nyuma ya ukuta. Mama yake ndiye mganga wa vidonda, lakini kwetu ni mwiko mama mkwe kuuona mguu wa mkwewe, basi tangu mvua ianze ananitibu kwa masikio.

"Nekesa, damu imetoka?"

"Imetoka, mama."

"Mwambie huyo mtu anyamaze. Kwangua tena, halafu umwage maji ya majani yakiwa moto."

Hapo ndipo nikapiga teke. Nekesa akaanguka, damu mdomoni. Mlango ukafunguka kwa kishindo, mama mkwe akaingia! Alinizaba kofi, akanikalia pajani, akaushika mguu kwa mikono miwili. Halafu akainama kukitazama kidonda.

"Huu ni mfupa," alisema. "Nekesa, si uliniambia ati ni weupe wa kupona?"

Kabla ya mvua, hospitali ya Kitale waliniambia nirudi kila siku ya pili wasafishe, wafunge upya. Nilipiga hesabu: nusu ya mwezi mashine yangu ya kusaga imefungwa, na niliinunua kwa jasho langu. Sikurudi. Sasa naogopa wataukata mguu.

Mama mkwe alirudi nyuma ya ukuta, akakohoa kwa heshima kama hajawahi kuniona.

"Nekesa, mwambie huyo mtu alfajiri aende Kitale. Akikataa, nitaingia tena."