Koti la Mlangoni

Kaka yangu Salvator,

Nakusalimu wewe, wifi Béatha na watoto, nikiamini barua hii inawakuta wazima na ule mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku Niboye, Kigali, tunapumua. Presha ya Mama imeshuka kidogo, na kila Jumapili baada ya misa ananiburuta makaburini na ufagio wake, inyeshe isinyeshe. Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Nyumba yetu unaijua, kati ya kitanda changu na chake ni pazia tu, na haya ninayokwambia hayafai kupenya pazia. Barua nimempa dereva wa lori anayeshuka kwenu Kigoma. Ukishasoma, choma.

Misa ya mwaka ya Ismaël imekaribia. Mama aliniamuru niende migodini kuwaalika wenzake na kuwashukuru waliomtoa shimoni. Sikutaka. Mlima uliomla mdogo wetu sikuwa na hamu ya kuuona, lakini Mama akishaamua unamjua, hata padri hamuwezi. Nikafunga kibanda changu cha ushonaji pale Sonatubes, nikaenda kupanda basi.

Mji wenyewe unasikitisha, kaka. Wabelgiji waliujenga juu kabisa mlimani, na mabaki yao bado yapo: nyumba za matofali zenye mabomba ya moshi, kanisa kubwa kuliko waumini wake, reli ya vigari vya madini imeota majani. Mzee mmoja alijivuna mbele yangu kwamba umeme uliwaka kwao kabla haujafika mitaa mingi ya Kigali. Leo vijana wanachokonoa mashimo yale yale ya kale wakitafuta bati, gasegereti kama wanavyoiita, na baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno. Nilikasirika. Kama ni utajiri, mbona kila niliyepishana naye kiatu kimetoboka?

Nilimpata Gasana, yule aliyekuwa akichimba na Ismaël akapona kwa kukatwa mguu. Siku tunazika alikuwa hospitali, kwa hiyo hatukuwahi kuonana. Mkewe alinipa uji, nikaeleza habari ya misa. Nikamwambia pia, kwa kujisifu kidogo, kwamba lile koti la buluu lililoletwa juu ya sanduku nililishona mimi, na mfuko wa kijani ndani, na kwamba bila koti lile Ismaël asingetambulika, maana tuliambiwa uso umeharibika. Gasana akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama tulifungua sanduku.

Nikajibu hapana. Wewe ndiye uliyesema kwa simu lisifunguliwe, Mama asione. Sikulaumu, kaka. Nilikushukuru mno siku ile, kwa sababu nami niliogopa.

Ndipo akanieleza desturi yao. Ndani ya mlima kuna joto, wanachimba vifua wazi. Anayepigwa na baridi ni yule anayebaki mlangoni kuvuta magunia, kwa hiyo wachimbaji huacha pale koti moja zuri, na kila mwenye zamu ya mlangoni hulivaa. La Ismaël lilikuwa zuri kuliko yote. Asubuhi ile mlangoni alikuwa kijana aitwaye Rwema. Ismaël alikuwa chini kabisa. Shimo lilipoporomoka, waokoaji walimtoa Gasana akiwa hai, hana fahamu, na maiti mmoja tu, wa karibu na mlango, kisha udongo ukashuka tena wakaacha. Waokoaji walitoka shimo jingine, hawakuwajua vijana wale. Wakauliza koti ni la nani, wakaambiwa la Ismaël. Gasana alipopata fahamu, sanduku lilishafika Kigali. Akadhani sisi tumemwona mtu wetu kwa macho, akaishuku akili yake mwenyewe.

Kaka, tuliyemzika siye Ismaël. Ismaël yuko bado ndani ya mlima.

Rwema naye ana mama, Nyirarukundo. Gasana alinipeleka kwake akijikongoja na magongo, tukamkuta kwenye mlango wa lile shimo, anafagia. Jirani zake wanasema hufagia hapo karibu kila siku, na Jumapili anaweka maua, anaongea na mwanawe. Nikamwambia yote, Kiswahili na Kinyarwanda vikigongana mdomoni: kwamba Rwema amelala Kigali, ana msalaba, na mama yangu hajamwacha Jumapili hata moja. Na kwamba aliye humo ndani ni wa kwetu.

Alikaa chini kwanza. Alilia bila sauti. Akauliza kama pale alipolazwa mwanawe panaingia maji, nikasema hapana, ni juu, pakavu. Akasema nimshukuru Mama. Kisha akataka nimtajie tena jina la mdogo wetu, asije akalisahau. Akainuka, akachukua ufagio, akamalizia kufagia.

Atakuja kwenye misa. Nami nisingeweza kumkatalia, mtoto ni wake. Kwa hiyo njoo wewe kabla yake, kaka, acha duka. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, na mimi nimejaribu kumwambia Mama nikaishia kumwomba chumvi. Jana amenunua rangi nyeupe, anataka niandike upya jina la Ismaël msalabani. Kopo liko chini ya cherehani yangu, sijalifungua.

Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Aurore