Mwano Ndani ya Mfupa

Glasgow, 15 Februari 1998

Kwako Bibi Limi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma mpaka kwenye kucha. Wewe je? Kovu la kifuani limetulia? Unaendelea kumeza tamoksifeni kama daktari wa Mwanza alivyoagiza baada ya kulikata titi?

Dawa hiyo hiyo ndiyo profesa wangu hapa chuoni amenipa niichunguze. Natazama kwa hadubini seli za mfupa, zile chembe hai zinazoujenga, tunazozilea kwenye kisahani cha maabara. Tunazitia rangi inayong'aa kalsiamu ikipanda. Nikidondosha tamoksifeni, kalsiamu iliyolala ndani ya seli inaamka, nyingine inaingia kutoka nje, na kisahani kizima kinawaka. Bibi, siku hiyo nilisahau kula. Sikujua kidonge cha saratani ya titi kinahusiana na mfupa.

Mumeo mdogo,
Mjukuu wako Mihayo

Nyarugusu, 3 Mei 1998

Kwako mume wangu Mihayo,

Marahaba. Mimi sijambo, mahindi yamekubali, na yule ng'ombe mweupe amezaa. Baridi uliifuata mwenyewe, huku jua ni la bure.

Barua yako nilimsomea jirani yetu Maige, aliyevunjika mguu duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilipombomokea. Mwaka wa pili huu mguu haujaunga. Nilipofika pale kalsiamu inapoingia kwenye mfupa, nikasema kumbe dawa ya huyu ninayo mimi kabatini. Kifua changu kimepona, kovu kavu kabisa, basi nikampa vidonge vyote. Sasa anasema mguu una nguvu. Watu wanasema mjukuu wa Limi kagundua dawa ya mifupa, nami natembea shingo juu.

Bibi yako,
Limi

Glasgow, 30 Mei 1998

Kwako Bibi,

Shikamoo. Leo sina utani. Kabla hujamaliza kusoma, nenda kwa Maige ukachukue vidonge vilivyobaki. Yeye aende hospitali akapigwe picha.

Niliandika kama mtu aliyeona maajabu, nikasahau kukueleza. Kalsiamu niliyoiona si tofali la kujengea. Ndani ya seli ni kama mwano, yowe la hatari tunalopigiana ng'ombe wakiibwa. Ukilia, kila mtu anatoka nyumbani, lakini mwano wenyewe haujengi wala haubomoi. Kuna anayefukuza wezi na kuna anayekanyagwa njiani. Nilipozidisha dawa, seli zilikufa. Na kwenye kisahani naweka dawa nyingi kuliko iliyomo katika damu yako, kwa hiyo siwezi kusema mfupa wako unafanyaje. Kinachojulikana ni kwamba kidonge kinasaidia kuzuia saratani isirudi. Kovu kavu haliwezi kukwambia kilichojificha.

Bibi, naogopa.

Mjukuu wako,
Mihayo

Glasgow, 12 Septemba 1998

Bibi,

Shikamoo. Tangu Mei sijapata neno. Sanduku la barua nalifungua asubuhi na jioni. Kama umenuna, nitukane, lakini andika.

Mihayo

Nyarugusu, 27 Septemba 1998

Kwako mume wangu,

Marahaba. Sikununa. Nilikuwa Mwanza, na sikutaka kukuandikia habari nusu.

Siku ile ile barua yako ya Mei ilipofika nilivifuata vidonge. Maige alivirudisha akilia, mtu mzima na ndevu zake, kisha akanisindikiza Mwanza kwa mguu ule ule mbovu. Daktari alikuta kijivimbe kwapani. Wamekitoa, na kweli ni ule ugonjwa. Nikamuuliza kama ni kwa sababu niliacha dawa. Akasema hajui, pengine ungerudi hata hivyo. Kwa hiyo na wewe usijifanye unajua. Maige wamempiga picha, watamwekea chuma.

Nilimwonyesha daktari barua yako ya mwano. Aliisoma amesimama, kisha akavuta kiti akairudia. Akaniuliza aliyeandika ni nani. Nikamwambia ni mume wangu, akanitazama mvi hizi akacheka. Nimesomesha watoto saba na wajukuu, Mihayo, lakini siku ile ndipo nilipojua nilikuwa nasomesha nini.

Vidonge nameza, havinipiti. Leo asubuhi nimemeza cha leo, nikakaa kizingitini na chai yangu, nikawaza kwamba huko ndani ya mifupa pengine mwano umeshalia. Mimi siusikii. Wewe ndiye mwenye hadubini, basi tazama watu wanakimbilia wapi, uje uniambie. Nakusubiri, na safari hii sigawi kidonge kwa mtu.

Bibi yako,
Limi