Nilimimina Chupa Zote Katika Jagi Moja

Alhamisi, Aprili 1996. Mvua imeanza mchana na haijachoka. Paa linavuja pale pale penye kitanda changu.

Leo sili. Hata chai nimeikataa, na wajukuu wananitazama kama mgonjwa. Siumwi. Nina aibu, na aibu haina dawa ya kijiko.

Niandike sasa kabla sijaanza kujitetea, maana mimi najijua. Shule yangu ni ngumbaru tu, niliingia nikiwa na mvi tayari. Mwalimu alitufundisha kwa Kiswahili, akasema tuandike kila siku hata kama ni upuuzi, ili mkono usisahau. Siku nyingi naandika upuuzi kweli. Leo sivyo.

Mwaka jana watu wa utafiti walikuja huku kwetu Rangwe, Homa Bay. Walitaka kujua kama dawa fulani ya kuongeza damu inawasaidia watoto wadogo wanaoshikwa na malaria kila mara. Dawa ya maji, kijiko kimoja kila asubuhi. Kazi hiyo hiyo walikuwa wanaifanya kule Migori. Wakapiga kura ya nyumba: nyumba hii inapata chupa za kifuniko chekundu, nyumba ile za kifuniko cheupe. Mimi ni mke wa kwanza katika boma hili, mikayi, na chifu aliposema achaguliwe mama wa kusimamia wenzake, alinigeukia mimi. Angemgeukia nani mwingine?

Kila mwezi alikuja msichana mmoja, Akoth, mzaliwa wa Migori. Anawapima watoto uzito, anawadunga kidole, anachukua tone la damu, anaandika. Yote hayo anakwenda kuyaingiza kwenye kompyuta. Nilimwona mwembamba na mpole kupita kiasi, nikasema huyu hawezi kazi.

Leo tuliitwa zahanati tusikie majibu. Jumatatu daktari wao anapeleka ripoti Nairobi, na aliahidi sisi tutasikia kwanza. Kompyuta ilikuwa mezani, kwenye kile chumba cha chanjo. Akoth alisema ndani yake mna programu ya takwimu, kazi yake ni kulinganisha watoto wa chupa nyekundu na wa chupa nyeupe. Akabonyeza bonyeza. Ikatokea mistari miwili ya Migori. Mmoja ulipanda kama mtu apandaye kilima, mwingine ukabaki chini. Akabonyeza tena, ikaja yetu. Yetu ilipanda kidogo, yote miwili, imeshikana kama ng'ombe wa kulima waliofungwa nira moja.

Daktari akasema huku Homa Bay programu haijaona tofauti yoyote kati ya nyekundu na nyeupe. Kwa hiyo zahanati za Migori zitaanza kupewa dawa. Za kwetu zitangoja, na hakuna ajuaye mpaka lini.

Nilisimama. Nani angenizuia?

Niliwaambia wamewapa watu wa Migori dawa na sisi wametuletea maji ya rangi. Nikamgeukia Akoth, nikasema bila shaka mashine yake inapenda kwao, hata kuku hurudi kulala kwao. Akina mama wakacheka, mmoja akapiga makofi. Niseme ukweli, nilifurahi. Yule msichana aliinamisha kichwa, nami nikaongeza. Nikasema wasije wakatusingizia kwamba tuliuza dawa sokoni.

"Kila mtoto alikunywa," nikasema. "Nilimimina chupa zote katika jagi moja, nyekundu na nyeupe, nikakoroga mwenyewe, kila mtoto kijiko chake. Hakuna aliyeonewa."

Daktari akavua miwani.

Akoth akainua kichwa. Yeye huniita Dani, yaani nyanya. "Dani, jagi moja?"

"Kwani ulitaka majagi mangapi?"

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka.

Mtu wa nje hawezi kuelewa, lakini mimi nilikuwa na sababu yangu. Kwenye boma hili watoto wa nyumba yangu na watoto wa nyumba ya mke mwenzangu wanakula sinia moja. Kura ilitupa sisi nyekundu, ikampa yeye nyeupe. Sasa niwanyweshe wangu hiki na wake kile? Siku mtoto wake akiugua watasema nini? Watasema mikayi alichagua. Nimeolewa hapa nikiwa msichana, sijawahi kugawa nyama wala sabuni kwa ubaguzi. Kwa hiyo nikachanganya. Na nikasimama baada ya ibada nikawafundisha akina mama wote wa kikundi chetu cha kanisani wafanye vivyo hivyo kwenye maboma yao. Nilijiona nimewafundisha haki.

Akoth alinieleza polepole, bila dharau, na hilo ndilo lililoniuma. Chupa nyeupe zilikuwa na maji matamu tu, rangi na ladha zilifananishwa na za dawa, hata yeye mwenyewe hakujua zipi ni zipi mpaka juzi. Lazima wengine wanywe dawa na wengine wasinywe, ndipo programu ipate cha kulinganisha. Sisi kila mtoto alikunywa nusu. Hapakuwa na huyu wala yule.

"Mashine haijakosea, Dani," akasema. "Imesema kweli kabisa kuhusu jagi lako."

Hapo ningesema pole. Neno fupi, hata mtoto analiweza. Badala yake nikawaambia wangetueleza mapema kama watu wazima, nikajifunga leso kichwani, nikatoka kwenye mvua.

Walitueleza.

Mke mwenzangu ndiye aliyenikumbusha njiani. Tunamwita Nyar Kendu kwa sababu aliolewa kutoka Kendu Bay. Alinifuata akanyoosha mwavuli wake juu yangu, akasema taratibu kwamba siku ile ya kwanza msichana alianza kueleza habari ya vifuniko, nami nikamkata. Nikamwambia nimelea watoto kabla mama yake hajabalehe, alete chupa tuende mashambani. Ni kweli, nilisema. Halafu Nyar Kendu mwenyewe, siku niliyokuwa namimina, aliniuliza kama vifuniko havikupaswa kukaa mbalimbali. Nikamuuliza ni nani aliyemfanya yeye daktari. Hilo nalo nalikumbuka, na kicheko changu nakikumbuka.

Nilitembea nje ya mwavuli.

Saa kumi Akoth alikuja hapa nyumbani, matope mpaka kwenye magoti. Nilidhani amekuja kunirudishia maneno yangu. Hapana. Anataka kujua maboma gani yalichanganya na yapi hayakuchanganya. Akiyajua, anaweza kuyatoa yaliyochanganya na kuiambia programu ihesabu upya yale yaliyobaki. Daktari ataandika wazi kwenye ripoti kwamba ameyatoa na kwa nini. Huenda waliobaki wakatosha kuonyesha kitu, huenda wasitoshe, hakutaka kunidanganya. Lakini wasipofanya hivyo, ripoti itasema dawa haina faida huku, na watoto wetu wataendelea kuwa weupe midomo wakati wale wa Migori wananyweshwa.

Shida ni kwamba nilipoondoka zahanati aliwauliza akina mama mmoja mmoja, na wote wakasema wao hawakuchanganya. Wote! Nami nimeyaona majagi yao kwa macho yangu. Nimewasifu kwa ajili yake. Wananisitiri mimi, au wanaogopa kupigiwa kelele kama nilivyompigia yeye. Wananidanganyia, na uongo wao utawanyima wajukuu wao dawa.

Nilimpa kiti. Nilishindwa kumtazama. Nikamwambia kesho kikundi kinakutana kanisani, aje na kalamu. Pole bado haikutoka. Ilifika kooni ikageuka swali, eti barabara ya Rangwe ina matope sana? Akasema ndiyo, ina matope sana.

Alipokwenda nilivuka uwanja nikaingia nyumbani kwa Nyar Kendu. Mikayi haendi, mikayi huita. Miaka yote hii nimesimama mlangoni kwangu nikaita, naye akaja. Alikuwa anachambua maharagwe; aliponiona alisimama ghafla akauliza nani amekufa.

Nikasema hakuna aliyekufa. Nikamwambia nitawaeleza wenzetu kwamba niliwapotosha, na ningependa twende pamoja.

Akakaa, akaendelea na maharagwe yake kwa muda. Sijazoea kungojeshwa.

"Nitakuja nikae kando yako," akasema. "Lakini mdomo utakuwa wako."

Siku nyingine ningemfundisha adabu kwa jibu hilo. Leo nilikaa kwenye kigoda chake cha chini, nikamsaidia kuchambua mpaka yakaisha.

Sasa nimerudi kwangu. Kinachonitisha si daktari wala ile mashine yao. Ni nyuso za wale akina mama, walioniamini kwa sababu huwa sisitisiti. Wengine watafurahi, nawajua. Nyar Kendu ana haki ya kufurahi kuliko wote, na sidhani kama atafurahi, jambo ambalo ni zito zaidi.

Nitalianzaje? Nikianza na sababu zangu nitaishia kwenye sababu zangu, halafu nitamgombeza mtu. Lazima lije kwanza neno lenyewe, na la pili, ile pole, liwe kwa Akoth, mbele ya wale wale waliocheka.

Nimejaribu kulisema hapa peke yangu, watoto wakiwa jikoni. Nilikosea. Limetoka dogo, hata mimi sikulisikia vizuri kwa mvua hii. Nimelirudia. Kesho lazima lifike mpaka benchi la nyuma.