Baba Mkwe Wangu Mtarajiwa Anajiita Mpita Njia

Mpendwa Bibi Tejwant, naomba msaada kabla sijapasuka, na tafadhali usicheke, maana kila ninayemsimulia hapa Phagwara anacheka mpaka anashika mbavu, hata mama yangu mzazi.

Mimi na Harbir tunapendana na wazazi wa pande zote mbili walisharidhia, basi ukaja uchaguzi wa jimbo, baba yangu chama tawala, baba yake, Mzee Kashmira, upinzani, wakatukanana sebuleni kwetu vitamu vya jalebi vikiwa bado vya moto, na tangu siku hiyo wakaapa kutosemeshana, na posa yangu ikalala doro. Sasa mwezi huu wa Juni, kwenye joto hili la kuyeyusha lami, tuligawa chabil kama kila mwaka, ile sharubati ya maziwa na waridi, mbele ya duka la baba la kutengeneza televisheni, tunasimamisha magari na kumnywesha kila mtu, na unajua mwenyewe, kwenye chabil mpita njia haulizwi yeye ni nani. Baba alikuwa amelowa mpaka kilemba, anapitisha bilauri madirishani bila kutazama nyuso, mkono mmoja ukapokea, ukarudisha bilauri tupu, sauti ikasema, "Niongezee." Baba akaongeza, kuinua macho, Mzee Kashmira!

"Nimempa mpita njia," baba akatangaza ili mtaa mzima usikie. "Sikumpa yeye!"

"Na mimi nimepewa na mtu wa barabarani," Mzee Kashmira akajibu huku anajifuta ndevu. "Huyu simjui."

Angeondoka hapo yangeisha, lakini dukani ulikuwa unalia mchezo wa zamani wa video, ule wa kaseti, wenye vifaru vya vita, wachezaji wawili wanalinda ngome moja, baba ameutengeneza kwa mikono yake na anasema michezo ya siku hizi ni sinema tu. Mzee Kashmira alipousikia ule muziki akashuka garini mwenyewe, kumbe ujanani alikuwa bingwa wake! Bibi, tangu siku hiyo anakuja kila jioni. Anasimama mlangoni anasema, "Mpita njia ana kiu," baba anamkaribisha, wanacheza bega kwa bega, na matusi ya siasa juu.

"We mpita njia, mbona kifaru chako kinazunguka tu? Nani kakifundisha, chama chako?"

"Afadhali changu kinazunguka! Chako kimejificha nyuma ya ukuta, utadhani mbunge wenu kura zikishahesabiwa!"

Wanacheka mpaka machozi, mimi napeleka chai, nimeagizwa na mimi nimwite Mpita Njia. Nikimwambia baba amuulize habari ya harusi ananijibu, "Binti yangu, posa haizungumzwi na mtu nisiyemjua." Shangazi yake Harbir ameshaanza kumletea picha za msichana mwingine, wa Ludhiana. Nifanye nini?

Navrup, Phagwara

*

Navrup, binti yangu, nimecheka. Ulinikataza, nimeshindwa. Sasa futa machozi unisikilize.

Wazee wako hawana ugomvi, wana haya. Wamepatana zamani, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema, basi wamejificha kwenye jina la mpita njia na wamenogewa. Na wewe, mtoto wa kike mwenye akili zako, unawapelekea chai na kuwasaidia kujificha! Ukimwita Mpita Njia, atakuposa nani? Na huyo Harbir yuko wapi? Mwambie picha za Ludhiana hazichaniki zenyewe.

Usiwazimie mchezo, usiwakataze siasa. Watu wanaotaniana hivyo huku wanalinda ngome moja waache waendelee, mtawakuta hivyo hivyo hata mkishawapa wajukuu.

Kesho mwite Harbir dukani na mama yako aje na laddu, vile vitamu vya sherehe. Waache wanogewe. Mchezo ukiwa umepamba moto, ingia, piga goti, mguse Mzee Kashmira miguu, useme kwa sauti, "Baba mkwe, nibariki." Harbir afanye vivyo hivyo kwa baba yako. Hakuna mzee wa Punjab anayeguswa miguu akanyima baraka, na akishakubariki kwa jina hilo mbele ya watu, mpita njia amefika nyumbani. Mama awatie laddu mdomoni papo hapo, kabla hawajakumbuka uchaguzi.

Ila ili akubariki lazima auachie mchezo. Kifaru kitalipuliwa, ngome itavunjwa, watapiga kelele kwamba umewaua. Wewe usiogope wala usiinuke. Kaa hapo hapo chini mpaka uusikie mkono wake kichwani.

Bibi Tejwant